Menyu Tuliyoiandika Upya Ukunda

Aliyenifundisha kupiga chapa alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Ukunda, na sijapata kuona mikono iliyokwenda kasi kama ile juu ya taipureta. Wateja waliokuwa wakizungumza kwenye benchi walikuwa wakinyamaza wenyewe akianza. Hakuwa akitazama vitufe. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono, shingo imenyooka, buibui limekunjwa na kuwekwa kwenye kiti cha nyuma, na herufi zilikuwa zikimiminika bila kukatika mpaka mwisho wa mstari. Mimi nilikuwa msichana wa Munje niliyemaliza kidato cha nne, naishi kwa mama yangu mdogo pale Ukunda, na kila asubuhi nilipoingia kazini nilimwambia, "Shikamoo, Mwalimu," naye akajibu, "Marahaba, mwanangu," bila kuacha kupiga.

Duka lilikuwa kando ya barabara iteremkayo Diani. Mwenyewe alikuwa mama wa kutoka bara, mumewe alikuwa na shamba katika ardhi ya skimu, ile serikali iliyowagawia walowezi, na yeye aliliacha shamba kwa mumewe akafungua duka la kupiga chapa. Alikuwa mkali wa sauti na mwepesi wa kucheka. Sote tulimwita Mama. Tuliandika barua za kuomba kazi hotelini, kadi za harusi, mikataba ya kuuziana viwanja, na risala za kusomwa mbele ya wageni rasmi. Kazi nyingi zilikuwa za Kiswahili, na Kiswahili kilikuwa himaya ya Mwalimu. Alisoma mpaka darasa la saba, akasoma chuoni Qurani, na Kiingereza alikijua cha kuagana na Wazungu tu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini hoteli moja ya Diani iliuza vyombo vyake, na Mama akarudi kutoka huko na kompyuta iliyolala kwenye godoro ndani ya pikapu. Tuliishusha kama mgonjwa. Ilipowashwa na kioo kikapata rangi ya buluu, Mama alipiga makofi.

"Sasa hapa ni town," alisema. "Mtu akitaka karatasi smart, anakuja kwetu. Haendi Mombasa."

Mimi niliipenda tangu siku ile. Kilichonifaa zaidi kilikuwa menyu. Juu ya kioo palikuwa na mstari wa maneno, ukibonyeza neno moja linakuteremshia mengine, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma Kiingereza shuleni niliweza kubahatisha kila neno linafanya nini. Mwalimu alipoambiwa kwamba kazi zote ziko kwenye menyu, alicheka.

"Menyu ya hoteli naijua," alisema. "Unaagiza, unaletewa. Hii je?"

"Ni hivyo hivyo, Mwalimu. Unaagiza, inafanya."

Lakini haikuwa hivyo hivyo kwake. Maneno yale yalikuwa mchanga mtupu machoni mwake. Alijaribu kuyakariri kwa mahali yalipo: la kwanza, la nne kutoka chini, lile lenye mstari juu yake. Halafu kulikuwa na kipanya. Mkono uliokuwa mwepesi kuliko yote pale mjini ukawa unababaika juu ya kile kidude cha plastiki, mshale unapita lengo, unarudi, unapita tena. Kila mara alipotaka kitu kwenye menyu ilimbidi aondoe mkono kwenye vitufe, atafute kipanya, alenge, abonyeze, kisha atafute tena mahali pa vidole vyake. Nilikuwa nikimtazama na moyo unaniuma.

Siku moja alikuwa akiandika kadi ya harusi ya watu wa Msambweni. Alikuwa amefika mwisho. Akaiteua yote ili akuze herufi, akafungua menyu, mshale ukateleza, akabonyeza, na kadi yote ikatoweka. Kioo kikabaki cheupe. Baba wa bibi harusi alikuwa amekaa kwenye benchi anangoja.

Dawa ilikuwa palepale, neno la kwanza kabisa kwenye menyu ya pili, "Undo", lile la kurudisha kilichopotea, lakini neno hilo halikumwambia lolote. Mimi nilikuwa nje nikinunua karatasi; haya alinisimulia baadaye. Niliporudi nilikuta amefunika kompyuta kwa kitambaa na yuko kwenye taipureta, anaipiga kadi ile upya.

Wiki ile ile Mama alisema maneno ambayo sote tulikuwa tukiyaogopa. Hakuyasema kwa ubaya. Alikuja akakaa karibu na Mwalimu.

"Mama Mwalimu, wateja wanaulizia kompyuta. Hii taipureta nitaiuza. Lakini wewe nakutaka, unaelewa? Nakutaka hapa."

"Nimekuelewa," Mwalimu alijibu. "Nitaumaliza mwezi. Kisha nitakaa nyumbani nishone kofia. Kofia hazina menyu."

Alitabasamu, na Mama akatabasamu, na hakuna aliyefurahi.

Nililogundua, nililigundua kwa bahati. Ilikuwa baada ya adhuhuri, hakuna mteja, Mwalimu anaswali chumba cha nyuma. Nilikuwa najaribu kuondoa kisanduku kilichojitokeza kwenye kioo, nikabonyeza upande wa kulia wa kipanya pale juu, kwenye ule mstari wa maneno. Likaja dirisha nisilolijua. Nilipojaribu kulikwepa, nikafungua menyu, na menyu ikakataa kujifunga. Ikabaki imening'inia. Nikabonyeza kulia juu ya neno "Save" na hapo nikaona kitu kilichonifanya nisimame: ndani ya kisanduku kidogo neno hilo lilikuwa limeandikwa, na kile kimstari cha kuandikia kinapepesa mbele yake, kama kinavyopepesa unapoandika barua.

Nikalifuta. Nikaandika "Hifadhi". Nikafunga dirisha.

Nilipoifungua menyu tena, katikati ya Kiingereza chote kile, palikuwa na neno la kwetu. Limekaa kwa adabu, herufi zilezile, rangi ileile, kana kwamba limezaliwa humo.

Nilimngoja Mwalimu atoe salamu ya mwisho ya sala yake, nikamshika mkono nikamleta mpaka mbele ya kioo.

"Soma hapa."

Akasogeza uso. "Hi-fa-dhi," alisema polepole, yeye ambaye hakuwa akisoma chochote polepole. "Nani ameandika?"

"Mimi. Sasa hivi."

"Kumbe huandikika!" Akakaa. Akanitazama, akakitazama kioo. "Mwanangu, mimi nilidhani hayo yamechongwa. Nilidhani ndivyo yalivyoteremka."

Kisha akavuta kiti karibu na kusema, "Basi tuanze. Hilo la kwanza juu kabisa wanaliitaje?"

Siku zilizofuata zilikuwa za furaha niliyokuwa sijaionja kazini. Kila mteja alipoondoka tulirudi kwenye menyu. Mimi nilieleza kila amri inafanya nini, yeye akatafuta jina. Hakukubali neno kwa urahisi. Lile la kwanza nilitaka kuliita "Faili", akakataa. Faili ni la karani, alisema, sisi tuna jalada. Likawa "Jalada". La kuingiza kitu nilisema "Ingiza", yeye akasema "Chomeka", kwa sababu kitu hakiingizwi tu, kinatafutiwa nafasi katikati ya vingine kama shati kwenye suruali. Mahali pa kunenepesha herufi na kuzilaza palikuwa "Mapambo". "Hifadhi" alilisifu. Alisema aliyehifadhi Qurani hata ukimwamsha usingizini anayo, na ndivyo mashine inavyotakiwa iwe.

Kwenye "Undo" tukagombana. Mama alikuwa amekuja kusimama nyuma yetu na kikombe chake cha chai.

"Hiyo ni undo tu," alisema. "Hata kwa Kiswahili ni undo."

"Tuseme 'Rudisha'," nilisema.

"Hapana," akasema Mwalimu. "Kurudisha ni kumpa mwenyewe kitu chake. Hapa nini kimetendeka? Nimefanya jambo, sasa nataka liwe kama halikufanyika. Udhu ukiuharibu, umeufanya nini?"

"Umeutengua."

"Basi andika 'Tengua'."

Mama alilirudia neno hilo kwa ulimi wake wa bara, mara moja, mara ya pili, akalipenda. "Tengua," alisema. "Hii ni ya nguvu. Lakini nyinyi watu, mtaniharibia hii mashine. Nikitaka ya zamani je?"

Nilimwonyesha. Mle ndani palikuwa na amri ya kuirejesha menyu kama ilivyokuja, na nilikuwa nimeijaribu mara kadhaa kabla sijathubutu kwenda mbele. Aliitazama menyu moja ikirudi Kiingereza kisha ikiandikwa Kiswahili tena, akapuliza chai yake.

"Sawa. Endeleeni. Lakini ile ya msaada mbona mmeitoa?"

Mwalimu alijibu yeye. "Nilimwita msaidizi akaja anazungumza Kiingereza. Nimempa ruhusa aende."

Mama alicheka mpaka chai ikamwagika.

Tulikuwa tumemaliza karibu zote umeme ulipokatika. Mji mzima wa Ukunda ukazima feni kwa pamoja. Umeme uliporudi na tukaifungua programu ya kuandikia, menyu zote zilikuwa Kiingereza. Hakuna hata neno moja lililobaki. Ilikuja kunidhihirikia baadaye kwamba mabadiliko yale yalikuwa yakihifadhiwa mtu anapoifunga programu kwa utaratibu, na sisi tulikuwa hatuifungi, tulikuwa tukiiacha wazi tangu siku tuliyoanza. Nilikaa nikashika kichwa. Nilikuwa karibu kulia.

Aliyeniinua alikuwa Mama, yeye ambaye hakuwa na haja yoyote na menyu ya Kiswahili. Alivuta kiti akakaa upande wangu mwingine.

"Andika," alisema. "Ya kwanza ilikuwa Jalada. Halafu Rekebisha. Halafu Tazama. Halafu ile ya shati... Chomeka."

Alizikumbuka zote. Mwalimu alimtazama Mama kwa namna ambayo sijaisahau, akaweka mkono wake begani kwake, na tukaandika upya sote watatu. Jioni niliifunga programu taratibu, nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua tena. Kiswahili kilikuwepo.

Hata hivyo kipanya kilibaki kipanya. Mwalimu sasa alijua aende wapi, lakini mkono wake ulikuwa bado unateseka kufika. Katika kuandika majina upya nilikuwa nimeona alama moja ya ajabu, ile ya "na" ya Kiingereza iliyopindapinda kama ndoano, imekaa mbele ya herufi fulani katika kila jina. Nilikuwa nikiifuta nikidhani ni uchafu. Siku moja niliiacha, nikaiweka mbele ya J ya Jalada, na nilipofunga dirisha ile J ilikuwa imepigiwa mstari chini. Nikajiuliza mstari ule ni wa nini. Nikakishika kile kitufe cha pembeni kiitwacho Alt, nikagusa J.

Menyu ikateremka. Sikuwa nimekigusa kipanya.

"Mwalimu!" nilipiga ukelele hata muuza matunda wa nje akachungulia. "Mwalimu, njoo uone!"

Alikuja. Nilikwisha kuiweka ile ndoano mbele ya H ya Hifadhi pia. Nilimwambia aweke mikono yake mahali pake pa siku zote, kama yuko kwenye taipureta. Kisha nikamwambia: shika hapa, J. Sasa H.

Alishika. J. H. Kazi ikahifadhiwa. Hakuutazama mshale, hakuondoa kiganja. Akafanya tena. Halafu akafanya haraka. Halafu akafunga macho na kufanya.

"Ndivyo ilivyo?" aliniuliza kwa sauti ndogo. "Kila jina lina herufi yake?"

"Kila jina. Na wewe ndiye unayechagua."

Hapo alishika usukani. Aliipitia menyu nzima na kuzipangia herufi kwa vidole, si kwa macho. Alitaka kazi za mara kwa mara ziangukie vidole vyenye nguvu. "Fungua" na "Funga" ziligongana kwa F, akasema "Funga" tuipigie mstari kwenye G. Amri ambazo hatukuwahi kuzitumia akaniambia nizitoe zote, moja baada ya nyingine, mpaka menyu zikawa fupi na safi kama ua lililofagiliwa. Ndani ya siku chache sauti ya vidole vyake ilirudi dukani, laini kuliko ya taipureta, lakini mbio zilikuwa zilezile. Hakuna aliyezungumzia tena habari ya kofia.

Basi ikaja risala. Shule moja upande wa Msambweni ilikuwa inafungua madarasa mapya, na kamati ya wazazi ilileta risala ndefu, karatasi nyingi zilizoandikwa kwa mkono, iandikwe na kutolewa nakala. Mgeni rasmi alitajwa karibu kila aya kwa cheo chake chote na heshima zake zote. Mwalimu aliipiga siku mbili kabla, ikapendeza. Asubuhi ya sherehe yenyewe Mama alinituma Kwale kupeleka kazi nyingine, na nilichelewa kwa kungoja gari pale Kombani.

Niliporudi, mlango wa duka ulikuwa umejaa watu. Wanawake wa kamati walikuwa wamevaa leso sare, mwenyekiti wao amevaa kanzu na koti, na wote walikuwa wakizungumza kwa pamoja. Mgeni rasmi hakuwa anakuja tena. Alikuwa anakuja mwingine, mwanamke, mwenye cheo tofauti, na risala yote ilikuwa inamtukuza mtu ambaye hatakuwepo. Gari la kuwapeleka lilikuwa linanguruma nje.

"Hata tukianza sasa hatuwahi," mwenyekiti alikuwa akisema. "Ni karatasi zote hizo!"

Mama aliniona mlangoni, akanipungia mkono nipite haraka. Nikaanza kujipenyeza. Kisha nikamwona Mwalimu. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, shingo imenyooka, vidole mahali pake. Hakugeuka kunitafuta. Nikamshika Mama mkono, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Muache."

Alishika kitufe cha pembeni. R, ya Rekebisha. Kisha B, ya "Badilisha Yote", jina alilolitunga mwenyewe. Kisanduku kikafunguka. Humo ndani kulikuwa na Kiingereza, maana huko hatukuweza kufika, lakini alikuwa amekwisha kupatambua: juu huandikwa la zamani, chini huandikwa jipya. Akaandika cheo cha zamani chote. Akashuka. Akaandika kipya, pamoja na jina la huyo mama mheshimiwa, bila kukosea herufi. Kisha akageuka kwa mwenyekiti.

"Ndivyo anavyoitwa? Tazama vizuri."

Mwenyekiti akainama, akasoma, akaitikia kwa kichwa.

"Bismillahi," akasema Mwalimu, akabonyeza.

Ilichukua muda wa kupepesa jicho. Akateremka kurasa moja baada ya nyingine ili waone, na kila palipokuwa na mgeni yule wa kwanza sasa palikuwa na huyu wa pili. Pahala pamoja sentensi ilitaja kilemba cha kumvika mgeni. Akapaona, akacheka, akalifuta neno hilo na kupiga "mtandio". Kisha J, kisha H, kisha J tena na C ya "Chapa", na printa ikaanza kulia.

Mmoja wa wale akina mama wa kamati alipiga kigelegele. Wa pili akampokea. Duka zima likawaka, na watu wa barabarani wakasimama kuuliza kuna harusi ya nani. Mwenyekiti alizipokea karatasi zikiwa bado na joto, akasema, "Allah akulipe kheri, bibi," na wakakimbilia gari.

Ndipo Mwalimu aliponitazama. Alikuwa na jasho kwenye pua na macho yanang'aa.

"Ulikuwepo?" aliniuliza.

"Nilikuwepo."

"Mbona hukuja?"

"Ulinihitaji?"

Akafikiri. "La," alisema, na akaanza kucheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshinda, na Mama akamkumbatia akiwa palepale kwenye kiti, akisema, "Mama Mwalimu! Mama Mwalimu! Wewe ni moto!"

Habari hiyo ilitutangulia kila mahali. Akina mama walianza kuja kuulizia "ile kompyuta ya Kiswahili", wengine wauzaji nguo, wengine wasichana waliotaka kazi za ofisini, wengine makatibu wa vikundi vya akiba. Kutoka Munje walikuja watu ninaowajua tangu utotoni. Mama, ambaye kichwa chake cha biashara hakikulala, akatenga saa za alasiri ziwe za mafunzo, na mkufunzi hakuwa mimi. Alikuwa Mwalimu, na mara hii jina hilo halikuwa la heshima tu. Waliokuja kutoka bara walijifunza humo maneno ya pwani ambayo hawakuwahi kuyasikia, na nilimsikia Mama mwenyewe akimwambia dereva aliyemwegeshea gari vibaya mlangoni, "Hiyo parking tengua!"

Mambo yalipokwenda vizuri Mama alinunua kompyuta ya pili. Ililetwa ikiwa tupu, menyu zake zote Kiingereza, kama ile ya kwanza. Nilivua viatu, nikavuta kiti, nikajiandaa kuanza kazi. Mwalimu akaniambia niondoke.

"Kaa pale kwenye benchi," alisema. "Leo wewe ni mteja."

Nikakaa. Mama akaniletea chai na mahamri, akakaa nami. Mwalimu alibonyeza kulia juu ya ule mstari, dirisha likaja, akaanza. Alizibadilisha moja moja, akiweka ile ndoano mbele ya kila herufi aitakayo, akizitupa nje zile asizozitaka. Alipofika mwisho wa mstari hakusimama. Akatengeneza menyu mpya kabisa, ambayo hata mimi sikuwa nimewahi kufikiria kuitengeneza, akaijaza amri zile anazozitumia kila siku, kwa mpangilio wa kazi inavyokwenda: fungua, andika, pamba, hifadhi, chapa. Kwenye kisanduku cha jina akafikiri kidogo, vidole vimesimama hewani.

Akaandika "Yangu".

Kisha akaifunga programu kwa utaratibu, akaifungua tena, na akatuita tuje tutazame.